Usinywe kwa Ajili ya Moyo

Kuna ushauri ambao umezunguka ziwa upande wetu wote, kutoka Muhuru Bay hadi Mbita, ukavuka maji mpaka Sena katika kisiwa cha Mfangano: kwamba mtu akinywa kidogo kila siku, bila kulewa, moyo wake hupata nguvu na damu hupita vizuri. Wengine husema ni mvinyo mwekundu tu wenye faida hiyo. Wengine huipa bia sifa hiyohiyo, na wapo wanaoipa busaa kwa kuwa imetokana na nafaka. Wanaousema ushauri huu si walevi. Mara nyingi ni watu wa heshima: mwalimu mstaafu, mfanyabiashara wa samaki, mzee aliyeambiwa presha imepanda na sasa anatafuta la kufanya.

Wala haukuzuka vijiweni. Ulitoka katika majarida ya udaktari. Tangu miaka ya 1970, tafiti nyingi za Ulaya na Marekani zilikuta kwamba wanywaji wa kiasi walipata mshtuko wa moyo mara chache kuliko walevi, na mara chache pia kuliko watu wasiokunywa kabisa. Novemba 1991 kipindi kimoja cha televisheni nchini Marekani kikawaeleza watazamaji kwamba Wafaransa hula mafuta mengi na bado mioyo yao ni salama, huenda kwa sababu ya mvinyo mwekundu. Mauzo ya mvinyo huo yakapanda. Habari ikaendelea kusafiri kwa mdomo, na kila ilipovuka mpaka ilipoteza tahadhari moja, hadi ikatufikia huku ikiwa amri fupi: kunywa kidogo, ni dawa.

Naandika makala haya kumwomba msomaji auache ushauri huo. Kilichouangusha si mahubiri wala sheria ya pombe. Ni jeni, na namna jeni zilivyotumika ni jambo ambalo mtu wa Mfangano ana sababu ya kulielewa upesi kuliko mtu wa London.

Tuanze na kosa lenyewe. Chukua watu wa miaka 50 kwenda juu katika kijiji chochote cha kisiwani. Wasiokunywa ni akina nani? Wapo Wasabato na waumini wa makanisa mengine ambao hawajawahi kuonja pombe maishani. Lakini katika safu hiyohiyo ya wasiokunywa yupo aliyeacha kwa sababu ya dawa za kifua kikuu, aliyeacha baada ya ini kuharibika, aliyekatazwa alipopimwa sukari, na yule aliyekunywa miaka mingi mpaka mwili ukakataa. Homa Bay, kaunti ya Mbita na Mfangano, ni miongoni mwa kaunti zenye kiwango cha juu kabisa cha virusi vya Ukimwi nchini, na wengi walipoanza dawa walishauriwa waache pombe, wakaacha. Wapo pia ambao hawanywi kwa kuwa pesa haipo.

Sasa mtazame anayekunywa kidogo. Mtu anayeweza kununua bia moja jioni, akaimaliza, akainuka na kwenda zake nyumbani, mara nyingi ana mshahara au biashara, anakula vizuri, na ana afya ya kumruhusu kunywa. Yafuate makundi haya mawili kwa miaka 10 na utakuta vifo vingi zaidi upande wa wasiokunywa. Je, kutokunywa ndiko kulikowaua? Ugonjwa ndio uliowafanya waache, na ugonjwa huohuo ndio uliowamaliza.

Mtu aliyelisema hili kwa sauti alikuwa anaijua Afrika Mashariki. Gerald Shaper alifundisha na kutafiti Makerere kwa zaidi ya miaka 10 na akapima mioyo ya Wasamburu wa kaskazini mwa Kenya kabla ya kuhamia London, ambako alianzisha utafiti wa wanaume 7,735 katika miji 24 ya Uingereza. Mwaka 1988 yeye na wenzake walionyesha katika jarida la Lancet kwamba wengi wa waliohesabiwa kuwa hawanywi walikuwa wanywaji wa zamani walioacha kwa sababu ya maradhi. Alipingwa sana. Watafiti wengine waliwatoa walioacha wakabaki na wale wasioonja maishani, na bado faida kidogo ikaonekana, kwa hiyo mabishano yakaendelea kwa miaka mingine mingi.

Tatizo halikuwa walioacha peke yao. Mwaka 2022 uchunguzi wa watu 371,463 nchini Uingereza ulikuta kwamba wanywaji wa kiasi walivuta sigara kidogo, walikuwa na uzito mdogo zaidi, walifanya mazoezi zaidi na kula mboga zaidi kuliko hata wasiokunywa. Mambo hayo yalipowekwa kwenye hesabu, ile faida ya pombe ilipungua. Ndiyo kusema kwamba kwa miaka mingi tuliisifu bia kwa kazi iliyofanywa na mboga.

Njia ya moja kwa moja ingekuwa kuchukua maelfu ya watu, kuwagawa kwa kura, nusu wanywe kila siku na nusu wasinywe, kisha kusubiri miaka. Marekani walianza kufanya hivyo. Mwaka 2018 taasisi ya taifa ya afya ya nchi hiyo iliusimamisha utafiti huo baada ya kugundulika kwamba sehemu kubwa ya fedha ilitafutwa kwa kampuni za pombe zenyewe, kwa namna iliyotia shaka matokeo hata kabla hayajapatikana. Sina la kuongeza juu ya hilo, isipokuwa kwamba msomaji anapoambiwa kinywaji fulani ni afya, aulize nani amelipia habari hiyo.

Hapo ndipo jeni zinapoingia, na hapo ndipo ziwa letu lina historia yake. Mwaka 1949 Anthony Allison, kijana aliyekulia Kenya, alikusanya damu katika sehemu mbalimbali za nchi akakuta kwamba jeni ya selimundu ni nyingi pwani na kandokando ya Ziwa Victoria, na ni chache nyanda za juu. Mwaka 1954 alichapisha ushahidi kwamba mtu aliyeirithi jeni hiyo kwa mzazi mmoja tu hupata kinga dhidi ya malaria. Familia za huku zinaijua habari hii bila kusoma jarida lolote. Mume na mke wenye jeni hiyo, kila mmoja moja, wanajua kwamba kila mimba ina kura yake: mtoto anaweza kukosa jeni hiyo kabisa, anaweza kupata moja, anaweza kupata mbili na kuugua. Kura hiyo haiangalii kama baba ana boti mbili au hana hata nyavu. Haiangalii dini. Imekwisha kupigwa kabla mtoto hajazaliwa, na hakuna ugonjwa wa uzeeni unaoweza kurudi nyuma kuibadilisha.

Fikiria sasa kwamba ipo jeni inayomfanya mtu anywe kidogo maisha yake yote. Ukiwalinganisha waliopata jeni hiyo na waliokosa, utakuwa umepata majaribio ya kura ambayo hakuna kampuni iliyoyalipia. Matajiri na maskini watakuwa pande zote mbili, wavutaji sigara pande zote mbili, wenye afya na wagonjwa pande zote mbili. Wazo hili lilitengenezwa kuwa njia kamili ya utafiti na George Davey Smith na Shah Ebrahim mwaka 2003, na limepewa jina la Gregor Mendel, mtawa aliyechapisha kanuni za urithi mwaka 1866.

Jeni za namna hiyo zipo. Pombe inapofika kwenye ini, kimeng'enya kimoja huigeuza kuwa asetaldehaidi, ambayo ni sumu, na kimeng'enya kingine huigeuza sumu hiyo kuwa kitu kisicho na madhara. Kuna watu ambao jeni zao hufanya hatua ya kwanza iende mbio, na wengine, wengi wao wa Uchina, Japani na Korea, ambao hatua yao ya pili imelegea. Kwa vyovyote sumu hujaa. Uso huwaka wekundu, moyo hudunda, tumbo huchafuka. Mtu wa hivyo hahitaji mchungaji wa kumkataza. Hunywa kidogo au huacha kabisa.

Mwaka 2014 Michael Holmes na wenzake waliunganisha tafiti 56 zenye watu 261,991 wa asili ya Ulaya. Waliorithi jeni ya ile hatua ya kwanza yenye mbio walikunywa pungufu kwa asilimia 17 hivi kwa wiki kuliko wenzao. Presha yao ilikuwa chini, uzito wao ulikuwa chini, na hatari yao ya ugonjwa wa mishipa ya moyo ilikuwa chini kwa asilimia 10. Soma sehemu inayofuata polepole: nafuu hiyo ilionekana hata kwa wale ambao tayari walikuwa wanywaji wa kiasi. Kama kiasi kingekuwa kinga, hao wangeumia kwa kukipunguza. Hawakuumia, walinufaika.

Uchina ikatoa ushahidi ulio mzito zaidi. Watu zaidi ya 500,000 kutoka maeneo 10 ya nchi hiyo walifuatiliwa kwa miaka 10 hivi, na matokeo yakachapishwa mwaka 2019. Watafiti walipowauliza wanaume wanakunywa kiasi gani, picha ya zamani ilijitokeza ileile: waliokunywa karibu gramu 100 za kileo kwa wiki walionekana kuwa salama kuliko wote. Bia ya mililita 500 yenye nguvu ya asilimia 4.2 ina gramu 16 na nusu hivi, kwa hiyo tunazungumzia chupa sita kwa wiki. Kisha wakaacha kuuliza, wakaziangalia jeni za watu 161,498. Picha ikabadilika. Ile kinga ikatoweka, na kadiri jeni zilivyomruhusu mtu kunywa zaidi ndivyo presha na kiharusi vilivyopanda, bila kituo cha usalama katikati. Kila gramu 280 za nyongeza kwa wiki, yaani bia mbili na nusu hivi kwa siku, ziliongeza hatari ya kiharusi kwa takriban theluthi moja. Kiharusi cha mshipa kupasuka kiliongezeka kuliko kile cha mshipa kuziba.

Mtu mwenye akili atauliza: tunajuaje kwamba si jeni yenyewe inayoleta kiharusi kwa njia nyingine? Swali ni zuri, na wanawake wa Uchina ndio waliolijibu. Wanazo jeni zilezile za waume na kaka zao, lakini karibu wote hawanywi. Kwao, jeni hizo hazikupandisha presha wala kiharusi. Bila pombe, jeni haikufanya kitu. Kwangu mimi hiki ndicho kipande kizuri kuliko vyote katika habari hii nzima.

Haki itendeke kwa upande wa pili. Katika utafiti huohuo, mshtuko wa moyo wenyewe haukuonekana wazi kupanda wala kushuka, na wataalamu bado wanabishana juu ya madhara ya kiasi kidogo sana, bia moja au mbili kwa wiki. Ni kweli pia kwamba pombe huongeza ile kolesteroli inayoitwa nzuri, na kwa muda mrefu hiyo ndiyo ilikuwa hoja kuu ya watetezi wake. Lakini mwaka 2012 njia hiihii ya jeni ilionyesha kwamba watu waliozaliwa na kolesteroli nzuri nyingi zaidi hawakupungukiwa na mshtuko wa moyo. Hoja ilibaki bila mguu wa kusimamia. Kubishana kama tone dogo lina madhara madogo au halina ni jambo moja, na kuliita tone hilo dawa ni jambo jingine. Dawa si.

Huenda ukasema hao ni Wachina na Wazungu. Ni kweli kwamba ile jeni maarufu ya Uchina, ya hatua ya pili iliyolegea, haipatikani kwetu, na kwamba Waafrika ni sehemu ndogo mno ya watu waliopimwa jeni duniani. Sisi tuna aina yetu ya jeni ya hatua ya kwanza, inayopatikana hasa kwa watu wenye asili ya Afrika, na kazi imeanza: upande wa magharibi wa ziwa hili, Kyamulibwa nchini Uganda, jeni za watu 6,400 hivi zilichunguzwa na matokeo yakatoka mwaka 2019. Lakini jeni katika tafiti nilizozieleza ilikuwa kifaa tu cha kuwagawa watu kwa haki. Kilichopandisha presha ni pombe, na pombe ya Mbita ni kileo kilekile cha Beijing.

Kwa sababu hiyo, mtu akikujia na kipimo cha jeni cha kukueleza unaweza kunywa kiasi gani, weka pesa yako mfukoni. Njia hii hufanya kazi kwa kuwalinganisha maelfu. Haiwezi kumwambia mtu mmoja kwamba yeye ameruhusiwa. Kipimo chenye thamani kwako ni cha presha.

Na presha ndiyo habari yenyewe kwa mtu wa kisiwani. Uchunguzi wa kitaifa wa mwaka 2015 ulikuta karibu robo ya watu wazima wa Kenya wana presha ya juu, na zaidi ya nusu ya watu wazima hawakuwa wamewahi kupimwa. Presha haiumi. Mvuvi huvuta nyavu usiku kucha, hubeba injini begani, na hujiona mzima kabisa hadi siku upande mmoja wa mwili unapolegea. Ikitokea hivyo Nairobi, hospitali iko mtaa wa pili. Ikitokea Mfangano usiku, upepo ukiwa umechafuka, kuna boti ya kutafuta, kuna maji ya kuvuka, kisha kuna barabara. Ndiyo maana nasema mtu wa kisiwani ana sababu kubwa zaidi ya kukizuia kiharusi kuliko ndugu yake wa mjini.

Tangu Septemba 2023 serikali imewagawia wahudumu wa afya ya jamii kote nchini mikoba yenye mashine ya presha na ya sukari. Muulize wa kijiji chako. Namba mbili zikisomeka 140 juu au 90 chini, au zaidi, kwa siku tofauti tofauti, nenda kituo cha afya. Ukipewa vidonge vimeze hata siku unayojisikia vizuri. Tafiti kubwa zilizofanywa katika vijiji vya Kenya na Uganda, pale upimaji wa Ukimwi, presha na sukari ulipofanywa pamoja, zilionyesha kwamba presha inaweza kudhibitiwa vizuri vijijini, bila kungojea daktari bingwa.

Kuhusu pombe yenyewe, ushauri wangu unategemea wewe ni nani. Kama hunywi, usianze. Hakuna mtu wa afya anayepaswa kukuanzisha. Kama unakunywa kidogo, usijione umelaaniwa, lakini usijidanganye kwamba unajitibu, na ukipunguza utakuwa umefanya vizuri. Kama presha yako imeshapanda, kupunguza pombe ni sehemu ya matibabu sawa na kupunguza chumvi. Anayekunywa isoniazidi, iwe kutibu kifua kikuu au kukikinga, aache pombe kabisa mpaka amalize, kwa sababu viwili hivyo pamoja huliumiza ini. Mjamzito asinywe. Na tukumbuke kwamba pombe iliwekwa na shirika la kimataifa la utafiti wa saratani katika kundi la visababishi vya hakika mwaka 1988. Hata kama moyo ungepata faida, koo na ini vingelipa.

Jihadhari na neno wastani. Mtu anayesema anakunywa bia saba kwa wiki anaweza kuwa anakunywa moja kila siku au zote saba Jumamosi. Kwa ziwa letu hiyo si hoja ya darasani. Omena huvuliwa usiku wa giza kwa taa. Mwezi ukiwa mpevu watu hupumzika, na pesa ya siku za kazi iko mfukoni. Pombe inayonywewa kwa mkupuo siku hizo hupandisha presha ghafla, huvuruga mapigo ya moyo, na humtuma mtu majini akiwa hawezi kuogelea wala kukumbuka jaketi la kuokolea maisha. Ukipanga kupunguza, anza na siku hizo.

Chang'aa ina tatizo jingine tena: haina kipimo. Bilauri mbili za leo si bilauri mbili za juzi, kwa hiyo mtu akikwambia anakunywa chang'aa kwa kiasi, hana njia ya kukijua hicho kiasi. Sheria ya mwaka 2010 iliiruhusu kwa masharti ya leseni na vifungashio, lakini inayouzwa gizani haikupitia masharti hayo, na methanoli, kileo chenye sumu, haionekani kwa macho wala haijulikani kwa ladha. Mei 2014 makumi ya watu walikufa katika kaunti kadhaa kwa pombe yenye sumu. Februari 2024 ikawa zamu ya Kirinyaga.

Neno la mwisho ni kwa anayekunywa sana kila siku, na kwa walio nyumbani naye. Kama asubuhi mikono inatetemeka mpaka apate bilauri ya kwanza, asiache ghafla akiwa peke yake. Mwili uliozoea unaweza kuingia katika kifafa au kuchanganyikiwa ndani ya siku chache, na hilo linaweza kuua. Mama, baba, ndugu, msimfungie chumbani mkidhani mnamsaidia. Mpelekeni kituo cha afya aache chini ya uangalizi, au pigeni simu kwa NACADA, mamlaka ya taifa ya kupambana na pombe na dawa za kulevya, namba 1192, ambayo ni bure.